Operesheni ya Kupunguza Tumbo: Na Vidonge Je?

Wengi wetu tuna ndugu waliopelekwa nchi ya tatu, na siku hizi simu zinaleta habari mpya: dada fulani huko Marekani amekatwa tumbo ili apungue mwili. Sisi tunaosubiri mgao tunaweza hata kucheka. Lakini unene uliopita kiasi huleta kisukari na presha, kwa hiyo operesheni hii ni matibabu, siyo urembo.

Shida iko kwenye vidonge. Kuna aina ya operesheni ambayo daktari huacha kifuko kidogo tu cha tumbo, kisichozidi yai la kuku, halafu anakiunganisha na utumbo mdogo kwa chini. Chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo, na kidonge pia kinaruka. Tindikali nayo imepungua. Ndiyo maana madini ya chuma na vitamini B12 havifyonzwi vizuri, na mgonjwa hupewa nyongeza maisha yake yote. Vidonge vya kuyeyuka polepole vinaweza kupita kabla ya kumaliza kazi. Asivisage mwenyewe, maana dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa mara moja! Daktari ndiye atambadilishia.

Kina mama, hapa tusikilizane. Mwili ukipungua, mimba hushika kwa urahisi kuliko zamani, na wakati huohuo vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki tena. Madaktari hushauri asubiri mwaka 1 au 1 na nusu kabla ya kubeba mimba. Sindano, kijiti cha mkononi na kitanzi havipiti tumboni, kwa hiyo vinafanya kazi kama kawaida.

Na wewe mama uliye huku, mwanao akilalamika mgongo usimwambie "meza tu diklofenaki". Hiyo na ibuprofeni zinaweza kuleta kidonda pale palipounganishwa. Parasetamoli ina nafuu.

Mwenye kisukari naye awe macho. Sukari inaweza kushuka siku chache tu baada ya operesheni, na akiendelea na dozi ileile ya zamani atatoka jasho, atatetemeka, hata kuzimia.

Basi akipiga simu, muulizeni: daktari anajua dawa zako zote, na za miti shamba pia? Kama Kiingereza kinamshinda aombe mkalimani. Hospitali za huko zinatakiwa kumpatia bila malipo.