Upana wa Tairi Huamuliwa na Njia

Baiskeli nyeusi za chuma, Phoenix wanazozijua Watanzania na Black Mamba za Wakenya, zimebeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na abiria kwa miongo mingi. Ubavuni mwa matairi yake huandikwa 28 x 1½, yaani upana wa milimita 40 hivi. Leo wanaoshiriki Migration Gravel Race, mashindano yaliyoanza mwaka 2021 na kukatiza Maasai Mara kwa siku nne na kama kilomita 650, hufunga matairi ya upana huohuo au zaidi. Changarawe haijabadilika, na dawa yake ni ileile.

Hata hivyo, wanunuzi wengi bado wanaamini kwamba tairi jembamba ndilo lenye mbio. Imani hiyo ina chimbuko lake: kwa miaka mingi wakimbiaji wa lami walitumia milimita 23, wakijaza upepo zaidi ya paundi 100. Siku hizi milimita 28 ni jambo la kawaida hata kwa mabingwa, na wengine wamefika 30. Sababu ni rahisi. Tairi lililokazwa kama jiwe likikuta kokoto haliimezi, linarushwa juu pamoja na mwendeshaji, na nguvu ya miguu inapotea katika mrusho huo. Tairi pana lenye upepo wa wastani hubonyea, likaifunika kokoto na kuendelea mbele.

Saiklokrosi ni habari nyingine. Huchezwa hasa majira ya baridi, Ubelgiji na Uholanzi zikiwa ngome zake, kwa mbio za takriban saa moja ndani ya tope, mchanga na majani. Mahali penye ngazi au vizuizi mwendeshaji hushuka, akaitupa baiskeli begani na kukimbia. Kwa mashindano yake makubwa, kanuni za kimataifa zinaweka kikomo cha milimita 33. Fremu huachwa wazi kuzunguka tairi ili tope lisigande na kuzuia gurudumu.

Baiskeli ya changarawe haina kikomo hicho. Wengi huanzia milimita 38 na kufika 50, wakijaza paundi 30 hadi 40 tu kulingana na uzito wa mwili.

Kabla ya kulipa, inama usome ubavu wa tairi. Ukikuta 40-622, namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu linapokaa tairi, zote kwa milimita. Usidanganywe na upana kufanana: tairi la Black Mamba ni 40-635, halitakaa kwenye rimu ya 622. Kisha tazama nafasi kati ya tairi na uma, na kati ya tairi na fremu kule nyuma. Pasipobaki angalau milimita nne kila upande, kokoto moja iliyonata itaikwangua fremu hadi iharibike.

Mwenye pesa ya baiskeli moja tu, ambaye njia yake ni lami asubuhi na vumbi jioni, achague fremu inayopokea milimita 40. Fremu hiyo itakubali tairi la 32 siku za lami tupu. Fremu ya mbio iliyobanwa kwa milimita 25 haitapokea la 40 kamwe, hata kwa fundi hodari.