Maji Baridi au Maji Matamu? Namna ya Kupima Regulata Kuukuu ya Mzamiaji

Katika Kiswahili sanifu, samaki wa ziwani huitwa samaki wa maji baridi. Vitabu vya shule vimelizoea jina hilo, wala hakuna adhaniaye kwamba Ziwa Viktoria lina baridi ya kutetemesha. Mtu wa pwani, kwa upande wake, husema maji matamu anapotaka kuyatofautisha na ya chumvi. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa jambo la kamusi tu. Hata hivyo, kwa mzamiaji anayenunua regulata iliyokwisha kutumika, utamu wa maji na ubaridi wake ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya ni kuhatarisha pumzi zake. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini, na jinsi ya kukipima kifaa hicho kabla ya kukiamini. Kwa ajili hiyo tutatumia maji matamu kwa maana ya yasiyo chumvi, na maji baridi kwa maana ya baridi yenyewe.

Wadi ya Airport huko Changamwe ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, lango la watalii wengi wa pwani. Vifaa vya kuzamia hupita hapo vikiwa ndani ya mikoba, na si vyote virudivyo kwao. Vingine huuzwa au huachiwa rafiki. Vilevile kuna safari ya upande wa pili. Kijana aliyejifunza kuzamia Mombasa, pengine kwenye mabaki ya meli ya MV Dania iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki, anaweza kupata kazi au masomo Ulaya na kuondoka na regulata yake ya mtumba. Imemtumikia vyema baharini, haina mkwaruzo, na aliipata kwa bei nafuu. Je, itamfaa huko aendako?

Regulata ni kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa itokayo kwenye mtungi ili iweze kuvutwa kwa mdomo. Asili yake si mbali na ile ya jikoni: mwaka 1943, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliunda chombo chao huko Ufaransa kwa kurekebisha vali iliyokuwa ikiendeshea magari kwa gesi wakati wa vita. Leo kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, iliyofungwa kwenye mtungi, huteremsha shinikizo kutoka baa 200 hivi (si baa za vileo, bali kipimo cha shinikizo) hadi baa 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yaliyomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, humpa hewa kila anapovuta.

Aliyewahi kufungua upepo wa tairi la lori pale Changamwe anajua kwamba hewa inayofumka kwa ghafla hutoka ikiwa baridi. Ndivyo itokeavyo ndani ya hatua ya kwanza, tena kwa ukali zaidi. Aidha, kina kinapozidi, kila pumzi hubeba hewa nyingi zaidi. Gari lililotumbukia katika kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilipatikana kwenye kina cha mita 58 hivi. Kina hicho kina shinikizo karibu mara saba ya lile la juu ya maji, na mzamiaji aliyefika huko hutumia hewa karibu mara saba. Wingi huo wa hewa ndio unaoipoza regulata.

Bahari ya Mombasa huwa na joto la kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, kwa hiyo chuma kinachopoa hupashwa upesi na maji yanayokizunguka. Ziwa la nchi za baridi ni jambo jingine. Maji matamu huwa mazito kupita yote yafikapo nyuzi 4, hivyo huzama na kutulia chini. Ndiyo maana sakafu ya ziwa lenye kina kirefu huko yaweza kubaki karibu na nyuzi 4 hata wakati wa kiangazi. Katika ufa wa Silfra nchini Iceland, maji ya barafu iliyoyeyuka huwa kati ya nyuzi 2 na 4 mwaka mzima. Maji hayo yanahitaji kupoa kidogo tu ili yagande, kwani maji matamu huganda kwenye sufuri, ilhali ya bahari husubiri hadi karibu nyuzi 2 chini yake.

Kuganda huko hutokea pabaya. Katika regulata nyingi za pistoni, springi imo ndani ya chumba kinachoingiwa na maji. Barafu ikiishika, vali hubaki wazi, shinikizo hupanda, na hatua ya pili huanza kumwaga hewa bila kuombwa. Hewa inayomwagika huzidisha ubaridi, ubaridi huzidisha barafu, na mtungi waweza kwisha kwa dakika chache. Kwa sababu hii tunapendelea regulata ya kiwambo ambayo springi yake imezibwa isiguswe na maji. Yale matobo yanayoonekana ubavuni mwa hatua ya kwanza ni dalili ya mwanzo ya kutiliwa shaka, ingawa fundi ndiye wa kuthibitisha.

Hapa lazima tuutetee ukuukuu kidogo. Si kweli kwamba kila cha zamani ni duni. Hatua ya pili yenye gamba la shaba huchukua joto la maji na kulifikisha kwenye kiwiko cha ndani, mahali ambapo unyevu wa pumzi hupenda kuganda; gamba la plastiki huzuia joto hilo. Umri peke yake hauhukumu. Kinachohukumu ni muundo, hali ya kifaa, na kama vipuri vyake vingali vinapatikana. Regulata isiyo na vipuri tusingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Tukija kwenye ukaguzi wenyewe, tuanze na chujio dogo lililo kwenye mdomo wa hatua ya kwanza. Rangi ya kijani huashiria kwamba maji ya chumvi yaliwahi kuingia. Wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Weusi mara nyingi hutokana na kompresa chafu. Kisha mnunuzi azibe mdomo huo kwa kifuniko chake na kuvuta pumzi kwenye hatua ya pili: hewa ikimjia, pana tundu. Avute nyuma mikono ya mpira inayofunika ncha za mipira ya hewa, kwa maana nyufa hujificha hapo. Halafu aifunge kwenye mtungi uliojaa, aweke geji kwenye mpira wa shinikizo la kati, na atazame kwa dakika kadhaa. Mshale unapaswa kushuka anapovuta, urudi mara moja na kusimama imara. Ukizidi kupanda polepole, kikalio cha vali kimechakaa, na kasoro hiyo, inayovumilika kwa muda baharini, ndiyo mlango wa umwagikaji kwenye baridi.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya majaribio haya, yakifanyiwa Mombasa, linaloweza kuonyesha kifaa kitakavyokuwa kwenye nyuzi 4. Jambo hilo husomwa kwenye alama na kitabu cha mtengenezaji. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinataka regulata isiyokusudiwa maji ya chini ya nyuzi 10 iandikwe ">10°C". Alama hiyo ikiwapo, mjadala umekwisha. Isipokuwapo kwa sababu kifaa kilitangulia kiwango chenyewe, kilichotoka mwaka 1993, ni heri kukichukulia kuwa cha maji ya joto mpaka fundi wa aina hiyo aseme vinginevyo.

Anayesafiri na abebe regulata yake kwenye mkoba wa mkononi na kukodi mtungi huko aendako, kwani mtungi haupakiwi ndegeni ukiwa na hewa. Atazame pia kifungio: maziwani Ulaya mitungi mingi ni ya kukaza kwa skrubu ya DIN, si ya kubana. Akifika ziwani, asivute wala kubonyeza kitufe cha hewa akiwa bado nje kwenye baridi, asijaze jaketi kwa muda mrefu huku akivuta pumzi, na atumie mtungi wenye vali mbili na hatua mbili za kwanza, ili moja ikiganda aifunge na kupanda kwa kutumia ya pili.