Nguvu ya Uvutano na Mipaka ya Vipimo Vyake

Nguvu ya uvutano huishika Dunia katika njia yake ya kulizunguka Jua, lakini ndani ya maabara ni hafifu mno. Sumaku ndogo huunyanyua msumari ilhali Dunia nzima inauvuta chini. Kwa sababu hiyo, nguvu inayojulikana na kila mtu ndiyo ngumu kuliko zote kuipima.

Mwaka 1798 Henry Cavendish wa Uingereza alitoa matokeo ya jaribio lililoanzisha kazi hii. Alining'iniza kwa waya ufito wenye matufe mawili madogo ya risasi, akayasogezea matufe makubwa ya kilo 158 hivi kila moja, kisha akausoma msokoto wa waya kwa darubini akiwa nje ya chumba, maana hata joto la mwili lingeitikisa hewa. Jibu lake linapishana na la leo kwa takriban asilimia 1 tu, ustadi wa kustaajabisha.

Mizani ya namna hiyo ingali inatumika. Mwaka 2018 watafiti wa Wuhan, China, walikipima kima cha uvutano, yaani G, kwa njia mbili. Kila njia ilikadiriwa kukosea kwa sehemu 12 hivi katika milioni. Majibu yakaachana kwa sehemu 45. Tofauti baina ya maabara mbalimbali hufika sehemu 500, na chanzo chake hakijajulikana. Kwa kuwa tungamo la Dunia hukokotolewa kwa G, nalo halijulikani kwa usahihi zaidi ya ule wa G.

Kulinganisha ni rahisi zaidi. Setilaiti ya Ufaransa, MICROSCOPE, ilionyesha kwamba platini na titani huanguka sawasawa, bila tofauti inayofikia sehemu chache katika milioni bilioni. Kasi nayo ililinganishwa: mwaka 2017 mawimbi ya uvutano na miali ya gama kutoka nyota mbili zilizogongana yalisafiri miaka milioni 130 hivi, yakafika yakipishana kwa sekunde 1.7.

Kanuni ya Newton ya uvutano imethibitishwa Seattle, Marekani, hadi umbali wa mikromita 52, chini ya unene wa unywele. Karibu zaidi ya hapo, nguvu za umeme huumeza uvutano. Kwa upande wa mbali, nyota za galaksi huzunguka kwa kasi isiyoelezeka kwa maada inayoonekana. Wanafizikia wengi husema ipo maada ya giza, wachache huishuku kanuni yenyewe; maada hiyo haijanaswa na chombo chochote.