Wanafunzi wa vyuo vikuu wasigeuze maziwa kuwa anasa

KATIKA mabweni ya vyuo vikuu vyetu, dalili ya kwanza ya ukosefu wa fedha huonekana katika kikombe cha chai. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) unapokawia, au wazazi wanapolemewa na gharama nyumbani, maziwa ndiyo hukatwa kwanza. Chai huwa ya rangi, mandazi huwa mawili, naye mwanafunzi huelekea darasani akijiambia kwamba amestaftahi.

Mambo hayakuwa hivi daima. Kuanzia mwaka wa 1979, watoto wa shule za msingi walipewa bure maziwa ya Nyayo chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, hadi mpango huo ulipofifia katika miaka ya 1990. Wakati huo huo, sera ya kugawana gharama iliingia vyuoni. Waliotangulia walikuwa wamelishwa kwa fedha za umma. Waliowafuata walitakiwa kulipia kila sahani. Tangu hapo mlo wa mwanafunzi hupanda na kushuka pamoja na mfuko wake.

Wapo watakaoniuliza: kwani mtu hawezi kuishi bila maziwa? Mgala muue na haki umpe. Maharagwe, ndengu na omena hujenga mwili, nayo sukuma wiki ina kalsiamu. Anayekula vyakula hivyo kila siku hana la kuhofia. Lakini ninayemsikitikia ni yule anayeshinda kwa chai ya rangi na mkate mkavu, kisha akalala kwa ugali na mchuzi mwepesi. Kwake yeye kikombe kimoja cha maziwa, chenye takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, si anasa hata kidogo. Mifupa ya kijana huendelea kujiimarisha hadi anapokaribia umri wa miaka 30. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, umaskini peke yake hauelezi kila kitu. Bei ya chupa ya soda ya nusu lita haiko mbali sana na ile ya pakiti ya maziwa ya kiasi hicho hicho. Ndani ya soda hiyo mna sukari ya vijiko kumi vya chai au zaidi, basi. Mwanafunzi anayesema maziwa ni ghali ilhali mkononi ameshika soda, anaongozwa na mazoea.

Nawashauri wanafunzi washirikiane, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Wanne wanaoishi chumba kimoja wakichanga, wanaweza kununua lita nzima katika mashine za kuuzia maziwa, zile ambazo watu huziita ATM za maziwa. Mashine hizi humpimia mteja kwa kadiri ya pesa alizo nazo, na kwa kawaida bei yake huwa nafuu kuliko ya pakiti. Maziwa mabichi ya kupimiwa ni lazima yachemshwe, maana huweza kubeba viini vya kifua kikuu na homa ya brusela. Yule ambaye maziwa humsumbua tumbo, na ajaribu mala. Maziwa yaliyoganda hupungua laktosi, na wengi huyamudu vyema.

Wasimamizi wa vyuo nao wasijitoe lawamani. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, hufuga ng'ombe wa maziwa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina bewa la kilimo na utabibu wa mifugo huko Kabete. Taasisi zenye elimu kama hii zinashindwaje kumuuzia mwanafunzi kikombe cha maziwa kwa bei isiyo na faida, hasa majuma yale ambayo mkopo haujafika?

Nchi hii imeshuhudia zaidi ya mara moja wakulima wakimwaga maziwa kwa kukosa soko mvua inapozidi. Ni aibu kwamba maziwa humwagwa shambani huku mtoto wa mkulima yuyo huyo akinywa chai ya rangi chuoni. Wakuu wa vyuo na vyama vya ushirika vya wafugaji wakiketi meza moja, mkulima atapata mnunuzi, naye mwanafunzi atapata staftahi ya haki.