Ni binti, si 'waria'

Bila shaka umewahi kulisikia neno 'waria' au 'wariahe'. Hutamkwa ndani ya matatu, dukani, hata katika vichekesho vya runinga, kila Msomali anapotokea. Huenda nawe umelitumia bila nia mbaya, ukacheka na mambo yakaisha.

Je, wajua maana yake? Kwa Kisomali, waryaa ni neno la kumwita mwanamume, kama vile sisi tunavyosema 'ewe bwana'. Mwanamke haitwi hivyo. Yeye huitwa kwa neno naa. Basi msichana aliyetoka Garissa kuja kusoma Nairobi, wenzake wakimwita 'waria', wamemwita mwanamume mchana kweupe. Wanaocheka hawajui. Anayeitwa anajua.

Utasema ni jambo dogo. Lakini wahenga walinena, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Neno hilo lilipookotwa na kufanywa jina la kabila zima, sauti iliyosikika ni ile ya wanaume wakiitana. Ya kina mama haikusikika.

NDIMI ZA KUCHEKESHA

Kiswahili chetu hakimtengi mke na mume katika sarufi. Tukisema 'amekuja', hujui kama ni Ali au Halima. Msomali hana budi kubainisha: mwanamume ni wuu yimid, mwanamke ni way timid. Tena Kisomali hakina sauti za p, v wala z. Ndiyo sababu mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani huweza kusema 'bolisi' badala ya polisi, na 'sawadi' badala ya zawadi. Huo si upungufu wa akili. Ni ulimi uliozoea lugha yake.

Waigizaji wetu wamejenga vichekesho juu ya ndimi za namna hiyo tangu zamani. Mwamkumbuka Mzee Ojwang' wa Vitimbi katika runinga ya KBC? Benson Wanjau, aliyeaga dunia mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi yake ya Kijaluo iliwavunja watu mbavu miaka nenda miaka rudi. Tulimpenda kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kamili, mwenye hila zake, hofu zake na nyumba yake.

Na mkewe je? Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, watazamaji wengi walimjua kwa jina la uzazi. Hiyo ni heshima kwa desturi zetu, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumfokea mumewe. Mwaka 2007 ilipokuja Papa Shirandula katika runinga ya Citizen, marehemu Charles Bukeko aliigiza bawabu anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayofanya. Naye Wilbroda alikuwa na mdomo usiolala. Si haki kusema wote walikuwa hivyo. Katika Vioja Mahakamani, Lucy Wangui aliketi kitini kama hakimu na wanaume wakamnyenyekea.

Hata hivyo, mara nyingi mwanamume hupewa hila na mwanamke hupewa mdomo. Msomali naye hupewa lafudhi na duka. Sasa mwanamke Msomali apewe nini? Aghalabu hapewi kitu. Akionekana, hupita kimya na buibui lake.

MANENO YA KINA MAMA

Ajabu ni kwamba Kaskazini Mashariki ni mahali ambapo maneno ya kina mama yamefanya kazi kubwa. Wasomali wana utungo wa wanawake uitwao buraanbur, unaotumbuizwa hasa harusini. Mama anayejua kuutunga huheshimiwa, kwa kuwa aweza kusifu, kuonya na kusuta hadharani.

Tena tazama Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mapigano ya koo yalifika hata sokoni, kina mama wa ukoo huu wakawa hawauziani na wa ukoo ule. Ndipo Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wakaanza kuzungumza. Walianza na wanawake wa sokoni, wakaenda kwa wazee, kisha wakaketi na serikali. Kufikia mwaka 1995 juhudi hizo zilikuwa zimezaa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kufariki kwake.

Fikiri basi: maneno ya wanawake sokoni, yale ambayo vichekesho huyaita porojo na umbea, ndiyo yaliyosaidia kusimamisha bunduki. Na mwaka 2017 wapiga kura wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wao, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika eneobunge la Kaskazini Mashariki.

MZAZI NA MWANAFUNZI

Simwambii mtu azime runinga. Kicheko ni dawa, na hata Msomali hucheka lafudhi yake mwenyewe akiwa na watu anaowaamini. Lakini jioni ukiketi na watoto, waulize: Katika mchezo huu, nani anazungumza? Nani anafoka tu? Nani hana neno hata moja? Utashangaa jinsi mtoto wa miaka kumi anavyojibu haraka.

Nanyi mnaoandika michezo, mwekeni binti wa Garissa katikati ya hadithi. Mpeni hila kama za Ojwang', aseme na akosee kama wengine, nasi tutacheka pamoja naye.

Wewe mwanafunzi, kazi yako ni nyepesi zaidi. Yule unayeketi naye dawati moja ana jina alilopewa na wazazi wake. Kesho asubuhi, mwite kwa jina hilo.