Marufuku ya Mbwa Wakali: Tatizo ni Mbegu ya Mbwa au ni Mwenye Mbwa?

Kila mtu anapoumwa na mbwa mkubwa wa ulinzi, husikika kauli ile ile barazani na maofisini: mbwa wa namna hiyo wapigwe marufuku. Kauli hiyo si ya kubezwa, kwani anayeumwa mara nyingi ni mtoto. Hata hivyo, kabla ya kuikubali au kuikataa, yafaa wasomaji wetu wafahamu yaliyoikuta nchi iliyoishika njia hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, nayo ni Uingereza.

Mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Mbwa wa Hatari, baada ya watu kadhaa kujeruhiwa vibaya. Kwa sheria hiyo zilikatazwa aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Uzito ulijitokeza katika utambuzi. Mahakama hutazama umbo la mbwa, wala haiulizi wazazi wake ni nani. Na mwenye mbwa ndiye anayetakiwa athibitishe kwamba mnyama wake si wa aina iliyokatazwa, jambo lililo kinyume cha desturi ya mashitaka ya jinai. Mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1997, mbwa wa aina hizo ambaye hakuandikishwa kwa wakati hakuwa na njia ya kuokoka. Hakimu alilazimika kuamuru auawe, hata kama hajapata kumng'ata mtu.

Aina ya tano, XL Bully, iliongezwa baada ya kuhusishwa na vifo kadhaa. Tangu tarehe 31 Desemba 2023 ni marufuku katika England na Wales kumuuza au kumzalisha mbwa huyo, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumweka bila ya cheti cha msamaha. Aliyepewa cheti hutakiwa amhasi mbwa wake, amtie kidude cha utambulisho chini ya ngozi, amkatie bima ya kuwafidia watakaodhurika, na asimtoe nje ila kwa kamba na akiwa amefungwa mdomo. Na huyo XL Bully hujulikanaje? Miongoni mwa vipimo vilivyotolewa ni kimo cha begani, inchi 20 kwa dume na 19 kwa jike. Dume wa inchi 19 na nusu, aliyelelewa na bwana asiyejali, meno yake ni yale yale.

Wanaoitetea marufuku wanayo hoja, nasi hatuifichi. Husema kwamba mbwa mdogo akiuma huacha jeraha, lakini mwenye taya nzito huua. Na kwamba mtoto apitaye njiani hawezi kungoja ichunguzwe tabia ya mfugaji. Pamoja na hayo, Uholanzi ilitangaza mwaka 2008 kuifuta marufuku yake ya Pit Bull kwa kuwa matukio ya kuumwa hayakupungua, na Italia mwaka 2009 iliifuta orodha yake ya mbegu na kumtwika mwenye mbwa dhima yote.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba sheria ile ile ya Uingereza inacho kifungu cha tatu, ambacho hakitaji mbegu yoyote. Mbwa wa aina yoyote akikosa kudhibitiwa hata akawa hatari, aliyekuwa naye ametenda kosa. Mwaka 2014 kifungu hicho kilipanuliwa kuingia hata ndani ya nyumba na nyua za watu, na adhabu ikafika kifungo cha miaka 14 iwapo mtu amekufa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye funzo kwa visiwa vyetu.

Kwetu, mbwa wengi si wa mbegu za kigeni. Ni mbwa wa wasasi, wa kulinda mashamba, na wale wanaozurura. Wengi wetu hujitenga nao kwa sababu ya najisi, ingawa dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kujitenga huko kumezaa ada mbaya: mbwa ana mwenyewe anapolinda, lakini siku akiuma hana mwenyewe. Aliyeumwa hubaki hajui kama mbwa yule amechanjwa, wala wa kumuuliza hayupo.

Kisiwa cha Pemba kimeonyesha gharama yake. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka, kisiwa kizima, ilikikomesha kichaa cha mbwa ilipofika Mei 2014. Kisha chanjo ikaachwa, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena, mara mbili, kutoka nje ya kisiwa. Ulikomeshwa tena Oktoba 2018, baada ya chanjo kurejeshwa. Hakuna mbegu iliyokatazwa. Mbwa waliletwa wakachanjwa.

Kwa hiyo mwenye mbwa, awe mtumishi wa Serikali au mkulima, anaombwa amfungie mchana, ampeleke kwenye chanjo kila mwaka na amjulishe Sheha wake kwamba mbwa ni wake. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili za kichaa zikishaanza, takriban hakuna anayepona. Naye mwenye mbwa afuatane na mgonjwa hospitalini, akiwa na cheti cha chanjo mkononi.