Nguvu za Askari Aliye Mzazi

Mbio za kikosi hujenga pumzi, lakini pumzi peke yake haimbebi majeruhi. Nguvu za misuli nazo zatakiwa. Je, askari alindaye Rohero, mjini Bujumbura, atazijenga lini, hali arudipo alfajiri watoto wamngoja awapeleke shule, na Jumamosi asubuhi ni kazi za maendeleo ya jamii?

Twasema wasaa upo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima kuimarisha misuli mikuu yote walau siku 2 kwa wiki. Basi na tushike Jumanne na Ijumaa, nusu saa tu, ili misuli ipumzike katikati. Tuchuchumae na kuinuka. Tujiinue kwa mikono sakafuni. Kisha tuiname, mgongo umenyooka, tuvute dumu la maji hadi kiunoni. Kila zoezi mikupuo 3, mara 8 hadi 12. Lita 1 ya maji ni kilo 1: tuanze na lita 10, tukiongeza moja kila mara 12 zikiwa nyepesi.

Lindo likiingilia ratiba, tuahirishe kwa siku moja, tusilipize kwa kujichosha. Watoto nao tusiwafukuze. Wao ndio watuhesabie.